Kabla ya Kugusa Fonti, Soma kwa Sauti: Ninavyopanga Hadithi za Kiarabu za Watoto

Waarabu wa kazi ya vitabu huuita upangaji wa kurasa ikhraj, na anayeufanya ni mukhrij. Ni neno lile lile wanalomwitia anayeongoza filamu. Nilipoanza kazi hii katika matbaa ndogo mtaa wa Ruwi, hapa Muscat, miaka kumi na sita iliyopita, niliona jina ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nikipewa maneno ya mwandishi na picha za mchoraji, nayatia maneno pale palipobaki nafasi, basi. Siku hizi naona jina limekaa pahala pake. Hadithi ya mtoto mdogo haisomwi kimya. Inasomwa na mama, bibi au mwalimu, kwa sauti, na mtoto ameegemea ubavuni akiutazama ukurasa. Mwandishi amemwachia msomaji maneno. Lakini wapi avute sauti, wapi anong'one, wapi anyamaze ghafla mtoto ashtuke, hayo msomaji anayaokota kwenye sura ya herufi, na sura ya herufi umeiweka wewe.

Napata maswali mengi kutoka nyumbani, Unguja na Mombasa hasa, ya walimu wa chuoni, yaani madrasa za Kurani, na vijana wa kubuni kwa kompyuta wanaotaka kutengeneza vijitabu vya hadithi za Kiarabu. Wengi wao Kiarabu wanakisoma vizuri. Wamelelewa na alifu fataha a, alifu kisiri i, alifu dhuma u. Tatizo lao ni kwamba kitabu cha hadithi si juzuu na si gazeti, na kile walichozoea kukiona kwenye hivyo viwili hakiwasaidii sana hapa. Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe, kwa mfano wa kitabu nilichokimaliza karibuni: mtoto wa kike, Salma, anamtafuta paka wake katika nyumba ya bibi yake yenye ngazi ndefu. Kurasa 24, maneno hayafiki 400.

Soma, penseli mkononi

Usifungue programu yoyote kwanza. Chapisha maneno matupu kwenye karatasi, bila picha, simama, yasome kwa sauti kama vile mbele yako wamekaa watoto. Pale sauti yako inapovutika, chora mstari chini ya neno. Pale unapovuta pumzi, kata kwa mkwaju. Pale unapoteremsha sauti, andika nukta pembeni. Nikimaliza namsomea mpwa wangu wa miaka sita, naye nampa kazi moja tu: aniinulie mkono akitaka nirudie neno. Mikono yake naitia alama nyekundu. Karatasi ile yenye michoro ya penseli ndiyo ramani yangu. Nikikwama mbele ya skrini, siulizi lipi litapendeza. Narudi kwenye karatasi kuangalia sauti ilifanya nini.

Kiarabu hakina herufi kubwa, kwa hiyo huwezi kupiga kelele kwa herufi kubwa. Wala hakina ile hati ya kulala ya Kilatini. Programu itakubali kuilaza ukiibonyeza, lakini itaipindisha kwa mtindo wa Kilatini, herufi zinaegemea nyuma kule zinakotoka, na meno ya sini yanaharibika. Vifaa vyako ni vingine: kuvuta, ukubwa, uzito, rangi, nafasi tupu na aina ya hati. Kuvuta ndicho Kiarabu kilichobarikiwa nacho, kwa hiyo naanza hapo.

Kashida ni pumzi

Kashida ni ule mstari unaorefushwa kati ya herufi mbili zilizoshikana. Kwenye kibodi ya Kiarabu unaipata kwa Shift pamoja na herufi ت. Ukiibonyeza mara tatu, neno linanyooka mara tatu.

Katika ukurasa wa saba wa kitabu cha Salma kuna sentensi: كان السُّلَّمُ طَويلًا طَويلًا, ngazi ilikuwa ndefu, ndefu. Neno tawil lina sauti ndefu moja tu, ile ii inayoandikwa kwa herufi ya (ي). Kwa hiyo kashida inaingia baada ya ya, kabla ya lam: طويـــلًا. Msomaji akifika pale sauti yake inavutika yenyewe. Sasa itie kashida mwanzoni, kati ya ط na waw: طـــويلًا. Jicho litaona neno refu, lakini sauti ya pale ni fataha fupi, haivutiki, na msomaji anajikwaa bila kujua kimemkwaza nini. Nimeona vitabu vizuri, vya karatasi nzito na picha za kupendeza, ambavyo kashida zake zimetiwa popote palipokuwa na nafasi. Yule aliyezitia alikuwa akitazama. Hakuwa akisikiliza.

Tawil zile mbili sikuzivuta sawa. Ya kwanza niliivuta kidogo. Ya pili niliiachia iende kushoto, mpaka ukingoni mwa ukurasa, ambako mchoraji alikuwa amemweka paka kwenye ngazi ya mwisho juu. Mpwa wangu aliifuata kwa kidole, sauti ikivutika pamoja na kidole, mpaka akamgusa paka. Mwandishi hakuwa ameandika popote kwamba paka yupo juu ya ngazi. Neno lenyewe ndilo lililompeleka mtoto.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiiruhusu programu itumie kashida kusawazisha mistari ili pande zote mbili zilingane. Magazeti hufanya hivyo, na mtu mzima hana shida, macho yake yanairuka. Mtoto hairuki. Kila neno lililovutwa atalivuta, na hadithi nzima itasomwa kama mtu mwenye usingizi. Panga mistari ianze sawa upande wa kulia, upande wa kushoto uachwe uishie unapoishia. Na mstari ukate pale penye pumzi. Usiliache neno ya la kumwitia mtu likabaki mwisho wa mstari na jina likashuka chini, wala usiitenge fi (katika) na albayt (nyumba). Neno moja la Kiarabu halikatwi katikati kwa kistari, kwa hiyo ukikosea kuchagua pa kukata, shimo litaonekana.

Kuna maneno yasiyovutika kwa kashida hata ukitaka. Herufi sita, alif, dal, dhal, ra, zay na waw, hazishiki herufi inayofuata. Neno dar, دار, lote ni za aina hiyo: hakuna pa kupitisha mstari. Pale mtoto anapolia "Laaa!" waandishi huongeza alif: لاااا. Kila alif inasimama peke yake kama nguzo za ua, na hilo linafaa kwa mtoto anayekataa, maana sauti inatoka kwa kugonga. Usilazimishe kitu kingine.

Zinazoshikana na zisizoshikana

Herufi hizo sita zina faida nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Katika ukurasa wa tisa Salma anaangusha waridi, nalo linabingirika ngazini. Waridi ni وردة: waw, ra, dal, na ta marbuta. Hakuna hata moja inayoishika ya mbele yake. Kwa hiyo niliziachia zianguke moja moja, kila ngazi na herufi yake, na neno halikuharibika hata kidogo, kwa sababu sura ya kila herufi ilibaki ile ile iliyo nayo ndani ya neno. Mtoto anayejua kusoma وردة anaisoma hata ikiwa imetawanyika.

Mwandishi alifurahi, akaniomba nifanye vivyo hivyo ukurasa wa kumi na tano, pale paka anaporuka kutoka juu. Nikamwambia haitawezekana. قطة ni neno lililoshikana lote. Ukizitenga, qaf inaota tumbo ambalo haikuwa nalo, ta marbuta inaachia mkono wake, na mtoto anaona herufi tatu asizozijua. Kwake yeye paka amepotea kweli. Nilichofanya ni kulichukua neno zima, likiwa limeshikana, nikaliinamisha kama paka anayetua kwa miguu ya mbele, nikaliweka chini kabisa ya ukurasa na juu yake nikaacha peupe. Kwa hiyo kabla hujaamua kuchezesha neno lolote, liandike kwa mkono, uangalie kalamu inanyanyuka wapi. Pale inaponyanyuka ndipo panapokatika.

Na ile sehemu ya programu inayoongeza nafasi kati ya herufi, iache kwenye sifuri. Kwa Kilatini inapendeza. Kwa Kiarabu inayafungua maungio, na neno linaonekana limevunjika mifupa.

Irabu: hapa usiharakishe

Bibi yangu aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka alipofariki, na alikuwa haweki irabu, zile alama za sauti za juu na chini ya herufi. Aliyemwandikia alimjua, na alijua habari zenyewe. Mtoto wa miaka sita hamjui mwandishi wala hajui habari. Irabu ndiyo sauti yote aliyo nayo.

Chukua ذهب. Ukiitia irabu ذَهَبَ ni "alikwenda". Ukiiacha ya mwisho, ذَهَب, ni dhahabu ile ile tunayoijua. Chukua حمام: bila shada, alama ya kukaza herufi, ni njiwa, hamam, na kwa shada juu ya mim ni hammam, bafu, hamamu yetu. Hadithi inayosema bibi ana hamam juu ya paa ni hadithi ya njiwa au ya bafu, kutegemea alama ndogo kuliko punje ya ufuta. مدرسة ni skuli, madrasa, au ni mudarrisa, mwalimu wa kike. Mtu mzima anaamua kwa kutazama sentensi nzima. Mtoto anasoma neno kwa neno, na anaamini lile la kwanza lililomjia.

Alama hizi kwa sura yake ya leo zinanasibishwa na Khalil bin Ahmad al-Farahidi, bwana wa lugha wa karne ya 8 aliyefundisha Basra, na hapa Oman tunamhesabu wetu kwa asili. Kabla yake Abu al-Aswad al-Du'ali alikuwa ametumia nukta za rangi nyingine juu na chini ya herufi. Khalil akazifanya ziwe vijiherufi: dhuma ni waw ndogo, fataha ni alif iliyolazwa, shada ni kichwa cha shin. Mwonyeshe mtoto jambo hilo mara moja tu kwa kalamu, hatalisahau. Mimi mwenyewe lilinibadilisha namna ya kuchagua fonti: dhuma isiyoonekana kuwa ni waw, iliyokuwa tundu jeusi tu, siitaki.

Kiasi gani cha irabu? Kwa miaka minne mpaka saba naweka zote, ila pale zinapokuwa mzigo bure. Herufi ya kuvuta, kama ile ya ya tawil, siiwekei sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu. Lam ya "al" inayomezwa, kama katika الشَّمس, siiwekei kitu, kwa sababu mtoto akiiona ina alama ataitamka. Mwisho wa sentensi, ambapo msomaji atasimama kwa sukuni hata kama sarufi inataka dhuma, namwuliza mwandishi, na tukikubaliana tunaiacha wazi. Kuanzia miaka tisa hivi napunguza: shada zote zinabaki, na neno lolote linaloweza kusomwa namna mbili linapata irabu inayokata shauri. Kamel Kilani, aliyeanza kuwachapishia watoto hadithi kule Cairo mwaka 1927, alizitia irabu hadithi zake. Ukikutana na nakala ya zamani itazame jinsi mistari yake inavyopumua.

Jambo jingine linahusu watoto wetu waliotoka chuoni. Katika msahafu wa chapa ya Madina sukuni ni kichwa kidogo cha kha kilicho wazi, na kile kiduara cha mviringo kina maana nyingine kabisa: herufi hii haitamkwi. Katika vitabu vya hadithi kiduara ndiyo sukuni. Mpwa wangu alikuwa akiziruka herufi katika hadithi, mimi nikidhani ana haraka. Kumbe alikuwa akifuata alivyofundishwa, kwa usahihi kabisa. Kama wasomaji wako wanatoka chuoni, chagua fonti yenye sukuni ya kichwa cha kha, au waeleze walimu mapema.

Tazama pia shada ikikutana na kisiri. Fonti nyingi huipandisha kisiri juu, ikakaa chini ya shada, juu ya herufi. Nyingine huiacha chini ya herufi, kama katika msahafu. Kwa mdogo nataka ibaki chini, pale alipofundishwa kuitafuta. Andika مُدَرِّسة kwenye kila fonti unayoifikiria, uikuze, utazame ile ra. Na herufi ya inapokuwa mwisho wa neno iwe na nukta zake mbili. Chapa za Misri mara nyingi huziacha, kwa hiyo على na علي hufanana, "juu ya" na jina Ali. Mtoto anayeitwa Ali ana haki ya kulijua jina lake akiliona.

Irabu zinahitaji nyumba. Kwa maandishi ya pointi 24 naacha pointi 42 hadi 44 kutoka mstari hadi mstari, wakati mwingine zaidi, ili kisiri ya mstari wa juu isigongane na dhuma ya mstari wa chini. Kama maneno hayatoshi ukurasani kwa nafasi hiyo, mwombe mwandishi apunguze maneno. Usiibane mistari. Nimeshagombana na waandishi kwa jambo hili na sijutii.

Kuchagua hati

Kwa maneno ya hadithi yenyewe ni naskh. Sura yake inatokana na vipimo vya kalamu na nukta ambavyo mwanzo wake hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, na ndiyo hati ambayo mtoto ameizoea. Ninachotafuta ni macho ya herufi yawe wazi: jicho la mim, la waw, la fa, na la ayn katikati ya neno. Sini iwe na meno matatu yanayohesabika. Ha, ambayo ina sura tofauti mwanzoni, katikati na mwisho, isifanane na kitu kingine. Fonti ya bure ninayoanza nayo mara nyingi ni Amiri ya Khaled Hosny, Mmisri aliyeitengeneza kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo, matbaa iliyoanzishwa mwaka 1820. Inabeba irabu kwa heshima. Kwa wadogo sana ni nyembamba kidogo, kwa hiyo naikuza. Usiamini namba ya pointi tu: fonti mbili za pointi 24 zinaweza kutofautiana sana, chapisha zote na uzipime kwa macho kwa umbali wa mkono wa mtoto.

Hati nyingine ninazitumia kama sauti za watu wengine wanaoingia hadithini. Ruqa ndiyo hati ya mkono ya kila siku katika nchi za Misri na Sham: sini haina meno, nukta mbili zinakuwa kijistari. Mtoto anayejifunza haiwezi, lakini barua ya baba aliyesafiri, iliyochorwa ndani ya picha, ikiwa kwa ruqa inakuwa barua kweli. Maneno yake yarudie kwa naskh katika hadithi. Diwani ilikuwa hati ya amri za masultani wa Uthmaniya, hivyo firmani ya sultani inaivaa bila maelezo. Kufi ya pembe inafaa kuta na miji. Thuluthi naiweka kwenye jalada na kwa jambo kubwa moja tu ndani ya kitabu. Ukiitumia mara tatu imekwisha nguvu. Kwa hadithi ya Morocco jalada la hati ya Kimaghribi linapendeza, ila kumbuka fa yake ina nukta chini na qaf nukta moja juu. Ndani usiitumie kwa mtoto wa Muscat au wa Unguja, atasoma kinyume.

Katika kitabu cha Salma, kila bibi anapozungumza herufi ni zile zile za naskh, nene kidogo na rangi ya kahawia. Salma ni nyembamba zaidi, bluu. Paka hana irabu kabisa, ana "miaaaw" moja iliyochorwa kwa mkono na mchoraji mwenyewe. Tosha. Ukiongeza sauti ya nne mtoto anaacha kusikiliza anaanza kuhesabu rangi.

Anayetaka kuona jambo hili lilivyofanywa na mabwana wenyewe, atafute kazi za Dar al-Fata al-Arabi, iliyoanzishwa Beirut mwaka 1974, na za Mmisri Mohieddin Ellabbad aliyefanya kazi nao. Kwake yeye maandishi na picha ni mkono mmoja. Nilipoziona mara ya kwanza nilikuwa tayari nimefanya kazi miaka minne, nikarudi nyumbani nikavifungua vitabu vyangu vyote upya.

Safari inakwenda kushoto

Kitabu kinafunguka kulia, na macho yanatoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo anayekwenda mbele anaelekea kushoto, na anayerudi nyumbani anaelekea kulia. Ngazi ya Salma inapanda kwenda kushoto, na maneno yanayopanda nayo yapande hivyo hivyo. Mstari wa maneno unaweza kuupinda, ila taratibu, kwa sababu herufi zimeshikana mikono. Kona kali itaikata.

Hatari kubwa ipo kwenye hadithi zilizotafsiriwa. Picha zilichorwa kwa msomaji anayetoka kushoto, na wepesi wa kwanza ni kuzigeuza kama kwenye kioo. Nimefanya hivyo mwaka wangu wa pili. Kitabu kilipotoka, familia nzima ilikuwa mezani inakula kwa mkono wa kushoto. Saa ya ukutani ilikuwa inarudi nyuma. Mama mmoja alimwambia mwenye duka kwamba hawezi kumsomea mwanawe kitabu kinachomfundisha kula kwa kushoto, na alikuwa na haki kabisa. Ukilazimika kugeuza, pitia kila picha ukitafuta mikono inayokula, saa, vibao vyenye maandishi na vifungo vya mashati, umrudishie mchoraji. Na kumbuka namba: ٢٤ inaandikwa kutoka kushoto hata ikiwa katikati ya mstari wa Kiarabu.

Matbaani

Irabu za rangi nyekundu kwenye herufi nyeusi zinawasaidia wanaoanza, na zinawarudisha kwenye zile nukta za rangi za mwanzo. Lakini nyekundu hutengenezwa kwa wino zaidi ya mmoja, na sahani za kuchapia zikiteleza nusu milimita tu, kila irabu inahamia kwa jirani. Yalinitokea. Matbaa moja, siitaji, walituletea nakala 1,000 za kitabu cha wanyama ambamo shada zote zilikuwa zimesogea kushoto. Watoto wa darasa la kwanza wakawa wanazisoma kama zilivyo. Tangu hapo, kama siwezi kusimama kando ya mashine siku ya kuchapa, irabu zangu ni nyeusi.

Maneno meupe juu ya picha ya usiku nayo yaogope: wino unajaa ndani ya vijistari vya irabu na kuvimeza. Mwombe mchoraji akuachie mbingu nyepesi, au tumia uzito mkubwa zaidi. Na kabla ya kutuma faili, mpe mtu anayejua Kiarabu aifungue kwenye kompyuta nyingine. Programu isiyo na Kiarabu inazitenganisha herufi zote na kuzigeuza, مرحبا inatoka ا ب ح ر م, na fundi wa mashine asiyesoma Kiarabu hataona kosa. Mtumie PDF yenye fonti zote ndani, si faili la wazi.

Kidole cha mtoto

Kazi ya mwisho ni ile ninayoipenda. Nachapisha kitabu chote kwa ukubwa wake halisi, nakishona kwa uzi, nampa mtoto ambaye hajapata kukisikia. Mpwa wangu hafai tena, anakijua kwa moyo, kwa hiyo naazima mtoto wa jirani. Namwambia asome na kidole. Mimi nakaa nyuma yake, nisionekane na penseli. Kidole kikisimama, natia alama. Kikirudi nyuma, alama mbili. Simsaidii na simsahihishi.

Kwa Salma nilipata alama tisa. Mbili zilikuwa maneno magumu, nikamrudishia mwandishi. Moja ilikuwa mstari uliokatwa vibaya. Tano zilikuwa irabu zilizogusana na nukta za herufi, nikaongeza pointi mbili kati ya mistari ya kurasa zile. Ya tisa ilikuwa pale kwenye tawil ya pili: kidole cha mtoto kilikwenda kushoto mpaka ukingoni, kikamgusa paka, kikakaa palepale muda mrefu. Ile sikuigusa.